Mheshimiwa Hataki Majimaji

Asubuhi hiyo mshona mapazia alifungua kopo la chakula cha paka, akalisimamisha kwenye bakuli la maji moto ili lipate uvuguvugu, akasubiri huku ameziba pua kwa kiganja. Daktari wa mifugo alikuwa amemwambia kuwa chakula kikipashwa kidogo harufu hupanda, na paka hushawishika. Harufu ilipanda kweli. Ilitoka jikoni, ikaingia kwenye mapazia ya wateja yaliyokunjwa kando ya cherehani, ikakaa humo. Mteja mmoja baadaye alirudisha yake akisema sebule yake inanuka matumbo ya samaki.

Paka mwenyewe aliitwa Mheshimiwa. Alikuwa na shingo nene na tumbo jeupe, na tangu utoto wake hakuwahi kukubali kitu kingine zaidi ya punje kavu za mfuko wa bluu. Sasa figo zake zilikuwa zinamgomea. Alichuchumaa juu ya sanduku lake la mchanga akilia, akatoa matone machache yenye rangi ya chai ya rangi.

"Paka huyu amekauka," daktari alisema. "Asipopata majimaji kwenye chakula, mtamzika."

Mshona mapazia aliangua kilio pale pale kliniki, mbele ya watu na mbuzi wao.

Alijaribu kila alichoelekezwa. Alichanganya kijiko kimoja cha nyama ya kopo na punje. Mheshimiwa akachambua punje moja moja na kuiacha nyama mpaka ikaota ngozi ya kahawia. Alibadilisha bakuli kwa sahani pana ili sharubu za paka zisiguse ukingo. Alimpaka mchuzi kwenye mguu ili aulambe, Mheshimiwa akaukung'uta mguu, na tone likamwingia mshona mapazia mdomoni. Alichemsha vichwa vya samaki bila chumvi, akachuja, akapoza. Mheshimiwa alikuja, akanusa, kisha akaanza kukwaruza sakafu kuzunguka bakuli, vile anavyofanya akifukia mavi yake. Nyumba nzima ilijaa vijisahani vya ute unaotetemeka, na nzi hawakuwa na haja ya kwenda kwingine.

Katika chumba cha nyuma alilala mama mkwe wake. Yeye naye alikuwa amekauka, ila hakuna aliyempeleka popote. Miguu yake ilikuwa haimbebi tena, hivyo haja zote alizimaliza kitandani, na utaratibu wa nyumba ulijulikana: kikombe kimoja cha chai asubuhi, basi. Anayekunywa hukojoa, na anayekojoa huwapa wenzake kazi ya kufua. Glasi yake ilikuwa imefunikwa kichwa chini juu ya rafu, mahali ambapo aliiona vizuri na hakuifikia.

"Mwanangu, maji," aliita.

"Mama, juzi ulilowesha godoro," mshona mapazia alijibu kutoka jikoni, akikoroga mchuzi wa paka. "Jikaze kidogo."

Mume wa mshona mapazia alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Kutwa aliinama mbele ya nyumba za watu akiandika walichotumia. Akirudi alisimama mlangoni pa mama yake, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akasema, "Shikamoo, Mama," na kabla marahaba haijamfikia alikuwa ameshafika mezani. Alimpenda mama yake. Asichokipenda ni harufu ya chumba kile. Watu wa namna hiyo wapo tele, wananyoa ndevu vizuri, na ukikutana nao njiani watakusalimu kwa heshima zote.

Kwa kukosa maji, mama mkwe alianza kuwa mwepesi. Ngozi yake ilibambuka kama maganda ya kitunguu, ikafagiliwa pamoja na manyoya ya paka. Alipojigeuza kitandani palisikika mchakacho wa karatasi. Siku moja msoma mita aliwasha feni ili kupunguza harufu, na mama yake akainuka pamoja na shuka lake, akapanda polepole hadi mgongo ukagusa dari. Msoma mita alizima feni na kumngoja ashuke. Mkewe akaleta pasi ya mkaa, ile nzito anayonyooshea pindo za mapazia, akaiweka juu ya shuka upande wa miguuni.

"Feni usiiwashe mpaka namba tatu," alimwambia mumewe. "Namba moja inatosha."

Wakaenda kula.

Walikuwa wameacha mlango wazi. Mheshimiwa akaingia, akaruka kitandani, akajikunja kwenye bonde lililokuwa zamani tumbo la mama mkwe. Mshona mapazia alimfuata na sahani mkononi. "Kidogo tu, baba," alimbembeleza. "Fumba macho, onja kidogo tu." Hapakuwa na mahali pengine tambarare, kwa hiyo akaiweka sahani juu ya kifua cha mama mkwe. Mheshimiwa alinusa, akatoa ulimi, akalamba. Na kila alipolamba, koo la mama mkwe lilipanda na kushuka.

Paka alimaliza sahani. Mama mkwe, mdomo wake ukiwa umefungwa, naye aliimaliza. Midomo yake iliyopasuka ilipata unyevu, na mchuzi wa kahawia ukamchuruzika pembeni ya kidevu. Mshona mapazia aliupangusa kwa kitambaa cha paka.

"Umeonja, Mama?"

"Hakina chumvi."

"Daktari amekataza. Ni kwa sababu ya figo."

Jioni godoro lilikuwa chapachapa. Mama mkwe alicheua, na cheuzi hiyo ilikuwa na samaki, maini na kitu kingine ambacho kopo halikukitaja. Msoma mita akasema mama yake hawezi kulishwa chakula cha paka maadamu yeye, mwanawe, yu hai, akaufunga mlango wa chumba cha nyuma kwa komeo, akaenda kunawa mikono, ingawa hakuwa ameshika chochote.

Aliporidhika kwamba ameilinda heshima ya mama yake, hakumpelekea maji.

Mheshimiwa alikaa mbele ya mlango uliofungwa na kugoma kabisa. Hata punje alizikataa. Mkojo wake ukaingia damu. Ndani, pasi ya mkaa ilianza kuinuka kidogo kila upepo ulipopita dirishani, halafu ikarudi chini kwa kishindo kidogo, na mshona mapazia akashindwa kushona kwa sababu ya kelele hiyo. Akamtia paka kwenye kikapu, akarudi kliniki.

"Kumbe alishakubali majimaji!" daktari alisema. "Basi mwacheni ale hapo hapo alipochagua. Paka habishiwi."

"Tatizo, Daktari, akila pale, mama mkwe wangu naye anapata."

"Anapata kiasi gani?"

"Naona chote."

Daktari alimbonyeza Mheshimiwa kiunoni, akafikiri. "Hapo ongezeni kopo la pili," alisema. "Figo hizi hazina cha kugawana na mtu."

Nyumbani mume na mke walikaa mezani wakalizungumza kama watu wazima.

"Godoro litalowa kila siku," msoma mita alisema.

"Nitafua."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mimi siwezi kukaa nikitazama kiumbe kinakufa kwa kiu ndani ya nyumba yangu. Sikulelewa hivyo."

Msoma mita aliguswa. "Una roho nzuri wewe," alimwambia, akaenda kufungua komeo.

Mshona mapazia akanunua nailoni ya kutandika juu ya godoro, ndoo mpya na glavu. Alifua kila asubuhi bila kulalamika, na aliimba. Mheshimiwa akanenepa, manyoya yakang'aa, mkojo ukawa mwepesi na mwingi hadi daktari akampiga picha. Mama mkwe naye alirudiwa na uzito, na pasi ikarudi kwenye kazi yake. Chakula chake wakaacha kukipika, na hata kile kikombe cha chai, kwa kuwa hakukuwa na maana ya kuwasha jiko kwa mtu aliyekwisha kula. Ni kinyaa kusimulia, lakini jasho lake lilinuka kopo, na alipolia machozi yalitoka mazito, ya ute, yakaganda mashavuni yakitetemeka. Mheshimiwa aliyalamba, na koo la mama mkwe likayameza.

Wateja waliokuja kupima mapazia walimsifia paka. Mshona mapazia aliwaeleza siri ilikuwa subira.

Alasiri moja, Mheshimiwa akiwa amelala chali sebuleni, sauti ilitoka chumba cha nyuma.

"Mwanangu, naomba maji. Maji matupu. Ya kwenye glasi."

Mshona mapazia alisimamisha cherehani. "Mama naye. Kiu ya nini tena? Si paka ameshakula?"

Lakini msoma mita aliinuka. Aliingia chumba cha nyuma, miguu yote miwili ndani, akaishusha glasi kutoka kwenye rafu. Ilikuwa imeacha duara kwenye vumbi. Mama yake aliifuata kwa macho. Msoma mita aliipeleka jikoni, akaisuuza, akaijaza maji safi, akayamimina maji hayo kwenye bakuli pana, akaliweka sakafuni mbele ya Mheshimiwa.

Mheshimiwa alifumbua jicho moja. Akainuka, akanusa, akakwaruza sakafu kuzunguka bakuli upande huu na upande ule, akarudi kulala.

Msoma mita alingoja kidogo, kisha akayamwaga maji kwenye sinki.

"Si nilikwambia?" mkewe alisema, akianza tena kukanyaga cherehani. "Hawana kiu."