Mwenyekiti Aliyesikika Sana

Kamanda alistaafu jeshi la majini, lakini desturi za melini zilistaafu? Thubutu! Kule kila amri hurudiwa kwa sauti na anayeipokea, ili mkuu ajue imesikika. Alipogeuka mwalimu, darasa zima lilimrudia. Alipokuwa mwenyekiti wa mtaa, wanafunzi wake wa zamani, sasa watu wazima wenye vitambi, waliendelea kumrudia mikutanoni kwa mazoea.

"Mtaro utazibuliwa!" alinguruma.

"Mtaro utazibuliwa!" waliitikia.

Kamanda akarudi nyumbani kifua mbele, kana kwamba mtaro umeshazibuka.

Siku ya uchaguzi hakuwa na wasiwasi, ingawa bila kile kiti hakujua angeamkia nini asubuhi.

"Mwenyekiti ni yuleyule!"

"Mwenyekiti ni yuleyule!" Ukumbi ulitikisika.

Msimamizi akaomba mikono. Wa Kamanda ulikuwa mmoja, tena wake mwenyewe. Mpinzani wake, msusi wa pale kona, alipata ukumbi mzima, na mkono uliotangulia kunyooka ulikuwa wa mke wa Kamanda.

"Hata wewe, Mama Watoto?"

"Maji ya mtaro yako jikoni kwangu, mume wangu."

"Lakini wote mlikubali!"

"Tulikwambia tumesikia, baba. Na kweli, tumekusikia mpaka tumechoka," mkewe akajibu.

Msusi hakutoa hotuba. Aliuliza tu nani ana koleo.

"Kwangu lipo," Kamanda akasema, akatoka kulifuata.