Bibi Harusi wa Balkoni ya Mzee Pyrek

Dada yangu Salomea alifukuzwa kazi kwa kosa la kuwaambia watalii ukweli, na katika mji wetu wa Krakow hilo ni kosa zito kuliko kuwaibia pochi.

Kazi yenyewe ilikuwa kutembeza wageni. Asubuhi anawakusanya Kazimierz, mtaa wa Wayahudi wa tangu enzi za wafalme, anawaonyesha masinagogi na makaburi, kisha anawavusha daraja hadi Podgórze, ambako wakati wa vita Wajerumani walitufungia ndani ya ukuta na kupaita geto. Nasema "walitufungia" ingawa mimi na Salomea tulizaliwa baadaye. Sisi tuliobaki hapa ni wachache kiasi kwamba wawili wakinuniana, jumuiya nzima imegawanyika.

Biashara ya Uyahudi, lakini, hiyo imenawiri kweli kweli. Kuna migahawa ambayo Ijumaa jioni, sisi tukiwasha mishumaa ya Sabato, wao ndio kwanza wanaongeza sauti ya fidla, na humo unaweza kula nyama ya nguruwe "kwa mapishi ya bibi wa Kiyahudi". Kuna vinyago vya Myahudi mwenye pua kama ndizi, kashika sarafu; watu wanavitundika sebuleni viwaletee bahati. Sisi wenyewe hatujawahi kuambiwa tunatundikwa upande gani ili bahati itufikie na sisi.

Bosi wake Salomea alikuwa kijana mmoja, Kamil Drożdż, mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula. Siku ya kwanza alimkabidhi kitambaa cha maua cha kujifunga kichwani.

"Cha nini hiki?" dada akauliza.

"Ili uonekane, mama."

"Nionekane nini?"

"Si unajua. Halisi."

Mama yetu hakuwahi kufunga kitambaa maishani mwake, alikuwa mtu wa kofia na rangi ya mdomo. Salomea akakivaa hata hivyo, maana pensheni yake ilikuwa ya kuchekesha na jokofu halichekeshwi.

Shida ilianza na bibi harusi.

Drożdż aligundua kwamba wageni wakishavuka daraja wanachoka, na mtu aliyechoka haachi maoni mazuri. Akaona wanahitaji kulia kidogo kabla ya chakula cha mchana. Basi akaketi akamtunga Rebeka, msichana mrembo kupindukia, aliyejirusha kutoka kwenye balkoni akiwa na gauni lake la harusi siku askari walipokuja kuwahamisha watu. Akazunguka Podgórze akitafuta balkoni ya kumrushia, akaipata moja nzuri yenye maua kwenye nyumba ya kona. Akachapisha na picha ya balkoni hiyo kwenye vipeperushi.

"Umeitoa wapi habari hii?" Salomea akamuuliza.

"Mama, hisia hazidai ushahidi."

"Na jina Rebeka?"

"Linasikika vizuri. Au ulitaka aitwe nani?"

Dada akawa kila akifika kwenye ile nyumba anaongeza mwendo na kuanza kusifia mawe ya barabarani. Haikusaidia. Wageni walikuwa na vipeperushi mkononi, na waongozaji wengine wa kampuni walimrusha Rebeka kila siku, asubuhi na alasiri. Watu wakaanza kuacha maua mlangoni. Baada ya maua ikaja mishumaa.

Kwenye balkoni hiyo, nyuma ya vyungu vya maua, aliishi mzee Zenon Pyrek, dereva mstaafu wa tramu, mjane, mtu aliyeomba dunia imwachie kitu kimoja tu, ukimya. Dunia ikamletea makundi ya watu wanaolia chini ya dirisha lake. Akavumilia kilio. Akavumilia kupigwa picha akianika soksi. Ila siku alipoteleza kwenye nta ya mishumaa akienda kununua mkate, akateguka kifundo cha mguu, uvumilivu ukamwisha. Kundi la kwanza lililosimama chini ya balkoni baada ya hapo lilimwagiwa beseni la maji ya vyombo.

Bahati ilivyo, lilikuwa kundi la Salomea, na aliyeloa ni Salomea. Wageni walisogea pembeni wakapiga picha.

Dada akawaomba wasubiri, akapanda ngazi akiwa na vipande vya kabichi kichwani, akagonga mlango kwa ngumi.

"We mzee, una wazimu?"

"Wazimu mnao ninyi!" Pyrek akafoka, mguu umefungwa bendeji. "Kila siku, kila siku! Msichana karuka, msichana karuka! Karuka kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye balkoni yako, ndivyo wanavyosema."

"Balkoni yangu ipi? Hii kaijenga baba yangu mwaka sitini na nane! Mimi mwenyewe nilibeba saruji! Wakati wa vita hapa palikuwa na ukuta mtupu. Huyo bibi harusi wenu alitokea wapi, kwenye tofali?"

Salomea alimtazama. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango, na mzee, ambaye alikuwa amejiandaa kwa matusi na si kwa kicheko, hakujua la kufanya ila kumletea taulo. Wakajikuta jikoni. Pyrek akachemsha chai, akamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anajali, kama yeye dada ni mmoja wa wale wanaoigiza Uyahudi.

"Mimi ni Myahudi, mzee. Ninachoigiza ni furaha."

Chini, wageni walikuwa bado wanasubiri kwenye jua. Mmoja alikwishawasha mshumaa.

Jioni ile Salomea alinipigia simu. "Kesho uje kwenye matembezi yangu, mdogo wangu."

"Kwani kuna nini?"

"Njoo tu. Uvae koti la mvua."

Nilikwenda. Katika kundi alikuwemo mama mmoja wa Toronto, Bi Maureen, aliyekuja kwa mara ya pili kwa ajili ya Rebeka tu, na safari hii alikuwa amemletea waridi jeupe. Tulipofika chini ya balkoni, dada akavua kitambaa, akakitia mfukoni.

"Hapa," alisema, "kampuni inataka niwaambie habari za bibi harusi. Kwa hilo nitamwachia mwenye nyumba."

Mzee Pyrek akatokea juu, kavaa suti ya mazishi, akashika kingo za balkoni kama mtu anayehutubia taifa. Akaeleza kwa ukali habari za baba yake, saruji na mwaka sitini na nane, akagonga ukuta kwa mkongojo kuonyesha mahali tofali jipya linapokutana na la zamani. Salomea alitafsiri neno kwa neno. Kisha mzee akainamisha kichwa akarudi ndani.

"Lakini mimi nililia!" Bi Maureen akasema. "Mara ya kwanza nililia kabisa!"

"Pole, bibi. Machozi hatuna utaratibu wa kuyarudisha."

Mtu mmoja alicheka. Mwingine akauliza, sasa hapa kulitokea nini cha kweli?

Salomea akanitazama, nami nikajua anachotaka kusema. Nilikuwa nimekisikia mara nyingi jikoni kwetu, barabarani sijawahi.

Akawaambia kwamba mama yetu aliishi mtaa huo huo, mbele kidogo, akiwa mtoto, katika chumba kimoja na familia nyingine kadhaa. Hapakuwa na mashujaa chumbani humo. Walikuwa wanagombea jiko. Nyuma ya kabati alilala mwanamke mmoja anayeitwa Bi Flaum, aliyekoroma kiasi cha kutikisa vikombe, na mama alimchukia kwa chuki yote ambayo mtoto mwenye njaa na usingizi anaweza kuwa nayo. Alimwombea kwa Mungu aondoke. Machi ya mwaka arobaini na tatu Wajerumani walikuja kulifuta geto. Bibi yetu alimvalisha mama viatu vya kisigino aonekane mkubwa, akamsogeza kwenye safu ya watu wa kupelekwa kambini kufanya kazi, naye akapita. Bi Flaum aliambiwa abaki kwenye uwanja walikokusanywa watu. Waliobaki uwanjani hawakuonekana tena.

"Mama yangu aliishi hadi uzeeni," dada akamaliza. "Hakuweza kulala penye ukimya. Kila usiku aliacha redio ikiwaka, tena si kwenye muziki, kwenye kelele kati ya stesheni mbili. Sisi watoto tulifikiri kasahau kuizima."

Hakuna aliyepiga picha. Kijana mmoja alikuwa akifunga kamba ya kiatu, akabaki vile vile ameinama. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Halafu bwana mmoja, Mungu ambariki, akauliza choo kiko wapi, na pumzi zikaturudia.

Bi Maureen alibaki kashika waridi lake, hajui alipeleke wapi. Mwishowe akamwuliza Salomea nyumba aliyoishi mama yetu ni ipi. Dada akamwonyesha. Akaenda peke yake.

Malalamiko yalifika ofisini kabla hata ya chakula cha mchana. Drożdż alimwita dada akamwambia kwamba amevunja "safari ya kihisia ya mteja".

"Balkoni ni ya mwaka sitini na nane, mwanangu."

"Mama, hakuna anayekuja Krakow kwa sababu ya mtu anayekoroma!"

"Basi mimi nitawatafuta watakaokuja kwa ajili yake."

Akamfukuza. Kuhusu Rebeka msiwe na wasiwasi, yu salama. Wiki iliyofuata alihamishiwa nyumba nyingine yenye balkoni ya kizamani zaidi, na nasikia sasa anaruka na mchumba wake.

Salomea anatembeza watu kivyake siku hizi. Wengine hawaji, wengine wanaondoka katikati kwenda kula pierogi, zile sambusa zetu za kuchemsha. Mzee Pyrek amefungua choo chake kwa kundi la dada, na analalamika kila wanapokitumia, na akiona hawaji analalamika zaidi.

Juzi niliandamana nao. Mwanafunzi mmoja wa Lisbon alimsikiliza mpaka mwisho, akasita, kisha akauliza: huyo Bi Flaum, alikoroma vipi hasa?

Hakuna aliyewahi kumwuliza dada hilo. Akafumba macho na kukoroma, hapo katikati ya barabara, kama mama alivyokuwa akituigizia tukiwa wadogo, ule mvuto mrefu wa kuingia na ile miluzi mitatu ya kutoka. Tukacheka wote, na yeye akacheka huku akijifuta uso.

Dirisha la juu likafunguka. Mzee Pyrek akauliza kama kuna mtu anakufa huko chini.

"Hakuna, mzee," dada akamjibu. "Rudi kwenye chai yako."

Wakaendelea kuelekea kwenye kipande cha ukuta wa geto kilichobaki, nami nikawafuata.