Safu ya Mpishi

Kwa miaka ishirini na miwili aliingia kwenye majiko ya watu na mizani kwapani, ndiyo maana mpaka leo, amestaafu na magoti yamegoma, mtaa mzima unamwita Bibi Mizani. Ofisi ya takwimu ilitaka kujua watu wanakula kiasi gani. Wenzake kazini, wanaume watupu, walikuwa wakimuuliza baba mwenye nyumba sebuleni, naye baba anajibu kwa kukisia, maana sufuria yenyewe hajawahi kuifunua. Bibi Mizani alipitiliza jikoni. Chakula kikiiva anapima sufuria, kisha anapima kila sahani inayotoka, halafu anatoa hesabu ya sahani kwenye ya sufuria. Kila nyumba hesabu ilipungua, na sufuria iko tupu. Akakaa jikoni mpaka akaona kinakokwenda. Mpishi hana sahani. Anakula mwisho, humo humo sufuriani, kilichosalia. Basi akaongeza safu moja kwenye fomu, juu yake akaandika: Mpishi.

Mkurugenzi aliikata kwa kalamu nyekundu akaandika Upungufu, na kwenye kitabu chake akaeleza kuwa ni makosa ya mizani. Kitabu kilimpa sifa mbali na karibu. Ukurasa wa shukrani ulimtaja hadi dereva wa ofisi. Bibi Mizani hakuwemo.

Siku moja, adhuhuri inakaribia, akaja mtakwimu wa ofisi ile ile, mwanamke kijana, kabeba jalada kuukuu na mizani mpya ya betri. Shikamoo, marahaba, akasema kilichomleta. Kesho asubuhi kamati inapitisha fomu mpya, na safu ya Upungufu inafutwa, kwani safu ya makosa ni ya nini? Lakini yeye, humo jaladani, alikuwa ameliona lile neno lililokatwa.

Bibi akamweleza yote. Mgeni akasikiliza, kisha akasema kwa adabu kwamba kamati haitakula maneno. Inataka nyumba moja iliyopimwa, yenye tarehe na sahihi.

"Jungu kuu halikosi ukoko, bibi. Ndio nimekuja kuukwangua."

Bibi akacheka. Akasema mchana ule wapime hapo hapo, mgeni ajifunze namna, halafu jioni aende nyumba nyingine akapime kweli. "Hapa kwangu hupati upungufu. Hapa tunakula sawa."

Mkwewe alikuwa ameshapika wali na maharage. Wakapima sufuria: gramu elfu mbili na mia sita, chakula kitupu. Mwanawe akarudi kula kutoka karakana yake ya useremala, akakuta sahani yake iko juu ya mizani, akauliza kama siku hizi wanamnenepesha wamuuze. Wakapima ya kwake, ya bibi, ya mgeni na ya mjukuu. Seremala akaomba kuongezewa, nayo nyongeza ikapimwa. Jumla, elfu mbili mia mbili na hamsini. Sahani ya mkwe haikuja. Bibi alijua tu kwamba imo jikoni, kama siku zote.

Seremala alipoondoka, mgeni akatoa hesabu: zimebaki mia tatu na hamsini. Ukigawa sawa kwa watu watano, kila mmoja alistahili mia tano na ishirini.

"Hiyo mizani yako mbovu," bibi akasema.

Akairudisha kwenye sifuri, akapima kikombe cha maji mara mbili. Mizani ilikuwa nzima. Alipoitazama mara ya tatu ndipo akasikia alichokuwa amekisema. Akajizoa na magoti yake mpaka jikoni.

Mkwe alikuwa kwenye kigoda, sufuria mapajani, kijiko mkononi, anakwangua ukoko.

"Sahani yako iko wapi?"

"Sahani ya nini, mama? Nikishaichafua si nitaiosha mwenyewe?"

"Tangu lini unakula hivi?"

"Tangu mnioe. Mwaka wa kumi na moja huu."

"Na hukuniambia."

"Wewe ndiye uliyekuwa ukilipwa kuuliza, mama. Humu hukuwahi kuuliza."

Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi, na ndiyo maana ilimwingia. Mgeni, aliyekuwa mlangoni, akajikohoza. Akasema hakuna haja ya kufedheheshana, jioni atapima kwa jirani, fomu hii ataichana.

Bibi Mizani akaegemea meza. Pale ofisini bado wamo watu waliomjua. Wataambiana kwamba kinyozi hajinyoi, watacheka mpaka wakohoe. Lakini kwa jirani, mpishi akijua anapimwa, atajipakulia sahani ya wageni, na kesho safu inafutwa. Mkwe peke yake ndiye aliyepimwa bila kujua wanatafuta nini.

"Usichane. Andika nyumba hii, na jina langu kamili, yote matatu. Juu ya safu andika Mpishi." Kisha akamgeukia mkwewe. "Kipimo ni chako, mwanangu. Ukikataa, basi."

Mkwe akalamba kijiko akiwaza. "Waandike. Na huyo aliyeongezewa naye wamwandike."

Bibi akasaini penye nafasi ya mpimaji. Mkwe akafuta vidole, akaichukua kalamu, akauliza asaini wapi. Fomu haikuwa na nafasi ya mpishi. Bibi akachukua rula ya mgeni, akamchorea mstari.