Ubao wa Duván Usioguswa

Maryori aliuweka ubao wa kaka yake juu ya meza yangu ya kazi, akaufuta vumbi kwa mkono wa sweta.

"Don Arcesio, kagua tu. Usibadilishe hata skrubu."

Duván alikufa kwa maradhi ya figo, na Jumapili ile ungetimia mwaka. Hapa kwetu, milimani Antioquia, akifa mtu aliyekuwa akiteremka vilima kwa ubao wa magurudumu, ndugu au rafiki huuteremsha ubao wake mara moja, siku ya kumbukumbu ya kifo, kutoka Alto, kule kileleni, hadi kanisani, ukiwa vilevile alivyouacha. Ukiguswa, haihesabiki. Usipofika kanisani, haihesabiki pia. Sijui nani alianzisha. Desturi hiyo niliikuta, enzi natengeneza baiskeli tu na kujifunza mbao kwa kufungua na kufunga.

Mteja akija, humuuliza mambo matatu kabla sijagusa rafu: ana kilo ngapi, anapita wapi, anapenda kona au kasi. Duván alikuwa na kilo tisini na mbili na alipenda kasi. Nilimchagulia ubao mgumu usiopinda, magurudumu magumu yanayoserereka kirahisi, na kwenye ekseli, pale ubao unapoinamia ili ukate kona, nikatia raba ngumu kuliko zote dukani, usitetemeke mwendo ukizidi. Maryori ana kilo hamsini. Jumapili huwa yuko kwenye njia ya baiskeli, tambarare, juu ya ubao laini, akikata kushoto na kulia kama yuko kwenye dansi.

"Panda hapa," nilimwambia. "Egemea kushoto."

Akaegemea. Ubao haukuinama.

"Mbona kama nimepanda juu ya kabati!" Akacheka.

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Kona ya tatu, ile kali, utauomba ukate, wala hautakusikia. Niachie nibadilishe raba tu."

Akaacha kucheka. "Ukibadilisha si wa Duván tena."

Alipoondoka nilifungua droo. Nilikuwa na raba laini za rangi ileile nyekundu, asingejua. Nilizishika muda mrefu, nikipiga hesabu. Raba ya kumfanya mtu wa kilo hamsini akate kona ile ingeanza kutetemeka kwenye mteremko wa kwanza, chini ya miguu ya msichana ambaye hajawahi kwenda kasi hivyo. Kwa zile ngumu angekwenda moja kwa moja. Kwa laini angerushwa. Nilijaribu na za kati, nikapanda mwenyewe, nikashuka: hazikufaa kwa kona wala kwa kasi. Siku zilizobaki zilikuwa nne. Nikazirudisha zote kwenye droo.

Jumamosi alikuja kuuchukua, pamoja na Wbeimar, aliyekuwa akiteremka na Duván.

"Ukikaribia kona ya tatu, weka mguu chini, upunguze mwendo," nilimwambia.

"Mguu chini?" Wbeimar alidakia. "Don Arcesio, mguu chini ni wa wauza maziwa wanaoogopa kumwaga! Duván atafufuka kwa aibu."

"Duván alikuwa mara mbili yake."

"Na roho je? Mwangalie huyu. Roho ya simba."

"Roho haiinamishi ekseli, Wbeimar."

"Basi jamani," Maryori alisema, ubao ukiwa kwapani. "Mnanisema kama sipo."

Jumapili nilibeba marobota sita ya nyasi kavu hadi kona ya tatu, nikayapanga ukingoni. Duka lote, spana zote, na hilo ndilo nililoweza.

Nilimsikia kabla sijamwona. Alitokea amechuchumaa vizuri, kama kaka yake, kichwa kimeinama, mikono nyuma. Akainuka kidogo, akaegemea. Mwili wote uliegemea, hadi bega. Mguu hakuuweka chini. Ubao ulienda mbele kama uko relini. Nilipiga kelele, "Egemea!" wakati alikuwa ameshaegemea kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Alipita juu ya marobota.

Vifundo vyote viwili vya mikono vilivunjika. Jioni, hospitalini, nilikuwa namnywesha aguapanela, maji ya sukari guru, kwa mrija aliponitazama.

"Ubao je?"

Ningependa kumwambia umepasuka. "Mzima," nilisema. "Haujakwaruzika hata."

"Sikufika kanisani."

"Hukufika."

"Basi mwakani tena. Hutaugusa, eti, don Arcesio?"

Nikamsogezea mrija mdomoni. Akanywa, macho yake kwangu, akingoja nijibu.