Palipokuwa na Kiwanda cha Mashati

Saa tano na dakika kumi, siku ya Jumanne, Wilmor Téllez alisimama kwenye mataa ya barabarani mjini Managua, akisugua vumbi kati ya vitufe vya kompyuta yake kwa mswaki mkuukuu. Kompyuta hiyo ya mpakato ilikazwa kwa skrubu nne kwenye kipande cha mbao, pale wezi walipong'oa redio ya teksi yake. Ilikula umeme wa tundu la kuwashia sigara, na feni yake ilikoroma kama mlevi.

Ramani aliyonunua kuitia humo ilijua namba za barabara, ambazo Managua hazijuliwi na mtu. Abiria husema: palipokuwa na sinema, mitaa miwili kuelekea ziwani, palipokuwa na ule mti, mtaa mmoja juu. Kwa hiyo Wilmor alimaliza msimu mzima wa mvua akitia alama moja moja kwa mkono: sinema, mti, kiwanda, vyote vilivyokwisha kutoweka. Kompyuta haikuwa na habari ya tetemeko la ardhi lililoubomoa mji wala ya matingatinga. Ilipoambiwa sinema, ilimfikisha kwenye sinema yenyewe. Abiria wa kwanza aliingia, akatoka kabla filamu haijaisha, akalalamika kwamba viti vina kunguni.

Jumanne hiyo alibeba watu wawili. Doña Eneyda, bibi wa miaka sabini, alikuwa mteja wake wa kila juma. Don Heberto, mkaguzi wa kazi, alikuwa amesumbuliwa na bibi huyo miezi saba mpaka akakubali kuja. Faili la mkaguzi lilisema kwamba siku kiwanda cha mashati kilipoungua milango ilikuwa wazi, na wasichana kumi na tisa walikufa kwa kuchelewa, wakitafuta mikoba yao. Doña Eneyda alitaka sentensi hiyo ifutwe. Hakutaka kingine.

"Palipokuwa na kiwanda cha mashati," alisema. "Nusu mtaa kuelekea ziwani."

"Najua, mama. Bamiza huo mlango, ni mkaidi kama mkaguzi."

"Nimesikia, kijana," alisema don Heberto.

Mahali ambapo watu wengine huona duka la vigae, wao walikikuta kiwanda, cherehani zikinguruma. Kwenye mlango wa nyuma, wa chuma, palining'inia kufuli, upande wa nje. Yahoska, binti wa doña Eneyda, alikuja kwenye nondo za dirisha akiwa na nyuzi nyeupe nyweleni. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, kama kila Jumanne.

"Mama, umekonda."

"Nimezeeka. Huyu ndiye mheshimiwa mwenyewe."

"Ala! Karibu, mheshimiwa. Hebu litikise hilo kufuli, usije ukasema tumelichora."

Don Heberto alilitikisa. Lilikuwa la moto kwa jua. Akamgeukia mlinzi aliyeketi kando ya mlango. "Ufunguo uko wapi?"

"Anao bosi. Bosi kaenda kula."

"Anarudi saa ngapi?"

"Hajawahi kurudi," alisema mlinzi, bila ubaya.

Mkaguzi alitandaza fomu juu ya boneti. Aliandika: kufuli. Aliandika: upande wa nje. Alipofika kwenye nafasi ya anwani, kalamu ilisimama.

"Fomu inataka kilichopo," alisema, "siyo kilichokuwepo. Kwa anwani, hapa ni duka la vigae."

"Si umelishika kwa mkono wako mwenyewe!" alisema Wilmor.

"Nimelishika. Sibishi."

Aliichana fomu, akatoa nyingine. Duka la vigae lina mlango wa kioo unaofunguka wenyewe mtu akiusogelea. Aliandika hivyo, akatia sahihi, akaingia garini na kufumba macho, maana alikuwa hajapumzika tangu alfajiri.

"Ameandika nini?" aliuliza Yahoska.

"Kwamba mlango uko wazi," alisema mama yake.

Yahoska aling'oa uzi mmoja nyweleni.

"Haya," alisema. "Nenda ukale, mama, usije ukaanguka na jua hili."

Kengele ililia, naye akarudi kwenye cherehani yake. Wilmor aligeuza gari, kwa sababu kila Jumanne ikifika saa sita na nusu moshi wa kiwanda huingia kwenye vitambaa vya viti, na harufu yake haitoki mpaka Alhamisi.