Uso wa Mzee Simai

Tahiya alikuwa akisoma fizikia ya tiba Dar es Salaam, shahada ya pili. Utafiti wake ulihusu picha za skani za wagonjwa wa saratani ya koo: kufuatilia uvimbe unavyosinyaa wakati wa matibabu, ili mionzi ipige pale penyewe tu isiunguze pengine. Kabla ya kuzitumia picha hizo, kanuni ilimtaka afute nyuso, mgonjwa asitambulike. Alizifuta kwenye kompyuta: pua, midomo, macho yaliyofumbwa.

Mzee Simai wa Mkokotoni alikuwa mmoja wao. Walikutana kwenye chumba cha skani, na alipojua kuwa binti huyu kwao ni Mji Mkongwe, akawa anamwita jirani. Uvimbe wake ulisinyaa vizuri, kisha nimonia ikamchukua. Nesi alipompa habari, Tahiya alisema, "Inna lillahi," akaendelea na kazi.

Aliporudi Unguja likizo alikwenda Mkokotoni kutoa pole. Mjane, Bi Riyama, alikuwa ndani, amekaa eda.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. We ndo yule wa mapicha?"

"Naam."

"Akikutaja sana. Akisema, nshapata mtoto kule." Akamsogezea mkeka. "Mwanangu, sisi picha yake hatuna. Ile ya kitambulisho imefifia, hata mimi simjui. Nnaomba moja katika zako."

Tahiya aliitazama mikono yake. "Zile ni za ndani ya mwili, Bi. Mifupa na nyama."

"Uso haumo?"

"Ulikuwemo. Niliufuta."

"Kwa nini?"

"Ili asijulikane."

"Asijulikane na nani?"

Tahiya alimweleza kuwa hospitali bado inazo picha zenyewe, na jamaa wanaweza kuomba. Lakini uso ule ni wa kijivu, umebanwa na barakoa ya plastiki, ile ya kumshika kichwa asitikisike wakati wa mionzi.

"Kabanwa hivyo hivyo?"

"Ndiyo."

"Basi iache."

Ikaletwa chai na mkate wa ufuta. Bi Riyama akasimulia mumewe alivyokuwa: pengo la mbele, kovu juu ya nyusi, kucheka kwake kwa kuziba mdomo. Tahiya alisikiliza, akatafuna, ladha hakuipata.

Jioni mama yake alimuuliza, "Umewakutaje?"

"Wazima."

Binamu yake Nusrat akamchukua Forodhani, wakala mishikaki, wakazungumza habari za harusi ya jirani. Tahiya alingoja kilio kije. Hakikuja. Akarudi nyumbani, akaoga, akalala.