Tisa Mpaka Ijumaa

Siku ambayo mwanangu alitimiza miaka kumi, baba yake alimkalisha kitandani saa kumi na mbili asubuhi akamwomba abaki na tisa mpaka Ijumaa.

Alimwomba kwa upole. Mume wangu Lowell si mtu wa kufoka, na afadhali angekuwa, maana mtu anayefoka unaweza kumjibu.

"Ni leo na kesho tu, Greta," alisema. "Ijumaa tukishapakia mizigo garini, unakuwa na kumi yako yote."

Greta alikuwa ameshavaa viatu. Alivivaa gizani, nikimsikia, akakaa navyo akingoja kupambazuke. Kwetu Ohio mtoto kufika kumi si jambo dogo: ameingia tarakimu mbili, na hatatoka humo labda aishi mpaka mia. Tena kuna rafiki yake wa darasani aliyewahi kuja bustani hiihii ya michezo ya Florida tuliyokuja kutembelea, siku yake ya kuzaliwa, akarudi na beji kubwa ya manjano, imeandikwa jina na umri kwa kalamu ya wino mzito. Kila mfanyakazi aliyemwona nayo, mpaka wafagiaji, alimpongeza kwa jina lake. Greta hakuwa ametuomba zawadi yoyote mwaka huo. Alitaka beji.

"Na beji je?" aliuliza.

"Beji ina umri, mwanangu."

"Niandike jina peke yake."

"Watakuuliza tu. Hawa watu wanauliza kila kitu."

Kilichotufikisha hapo ni kifurushi cha chakula. Lowell alikuwa amekilipia tangu Februari, kabla hatujakanyaga Florida. Kwa kila usiku tutakaolala, kila mmoja wetu alikuwa na milo miwili ya kukaa mezani, mmoja wa kuchukua dirishani, na kitafunwa kimoja. Mtoto wa chini ya miaka kumi ni dola thelathini na moja kwa siku. Akigonga kumi ni mtu mzima, dola tisini na nne. Fomu iliuliza umri, Lowell akajaza tisa, na wakati ule ilikuwa tisa kweli. Hata Jumapili tulipofika ilikuwa bado tisa. Lakini leo ni Jumatano, na Lowell alikuwa ameshajiaminisha kwamba mtu mmoja tu akiona beji, tutadaiwa nyongeza ya siku zote tano.

"Si uende ukaulize?" ilitoka sauti kitanda cha pili. Ni mama yangu, Verna, miaka sabini na mitatu, ambaye sote tulidhani bado amelala. "Kuuliza si ujinga, Lowell."

"Mama, ukiuliza umeshajishtaki mwenyewe."

"Haya, baki na ujinga wako. Mimi nipisheni nishushe miguu."

Hapo nilipaswa kusema neno. Nilikuwa nimeinama kwenye begi natafuta mafuta ya kukinga jua, na niliendelea kuyatafuta hata baada ya kuyashika mkononi. Mwaka ule ghala la matairi anakofanya kazi Lowell lilikuwa limemkatia saa za ziada, na safari hii alikuwa amemwahidi mtoto kwa miaka mitatu. Nilijiambia ni siku mbili tu, zitapita.

Langoni kulikuwa na kibanda, na mbele ya kibanda kikapu kimejaa beji. Hazikuuzwa, zilitolewa bure. Kijana aliyesimama hapo alikuwa na furaha ya watu wanaolipwa kufurahi, akainama mbele ya Greta akauliza, "Enhe, nani mwenye sherehe leo?"

Greta alimtazama baba yake. Kisha akasema, "Hakuna."

Akatembea mbele yetu haraka, mikono mfukoni. Mimi nikafuata, na tangu hapo sikutulia tena siku nzima.

Na nani angetulia? Lowell alikuwa ameweka nafasi za meza miezi miwili kabla, akiamka alfajiri kuwania na watu wa nchi nzima, na simu yake ilikuwa inatetemeka kila baada ya muda kutukumbusha. Kifungua kinywa cha dirishani saa mbili na robo upande wa mashariki. Chakula cha mchana saa sita kasoro dakika kumi upande wa magharibi. Chakula cha jioni saa kumi na mbili na nusu, kwenye ukumbi wa ngome, katikati. Ukichelewa robo saa, meza inapotea na mlo wako unahesabika umeliwa. Kwa hiyo tulitembea. Tulipita farasi wa mbao wa kuzunguka bila kupanda. Tulipita mabomba ya maji yanayorushia watoto, na watoto wa watu wakipiga kelele humo. Greta hakuomba kusimama popote. Mama ndiye aliyeomba.

"Lowell, hiki kifurushi kilikuja na magoti ya akiba?"

"Karibu tunafika, Mama."

"Umesema hivyo tangu Jumapili."

Kabla ya chakula cha mchana tulipanga foleni ya treni ya kupinduka, ile ambayo Greta alikuwa amekataliwa Jumatatu kwa sababu jua lilikuwa kali na foleni ilikuwa ya saa mbili nzima. Leo ilikuwa fupi. Tulisimama dakika arobaini. Tukafika mahali unapoona mabehewa yenyewe na nyuso za watu wanaoshuka, nywele zimesimama. Mbele yetu kulikuwa na familia tatu tu, na simu ya Lowell ikatetemeka.

"Tutoke," alisema.

"Lowell, zimebaki familia tatu," nikamwambia.

"Kila kundi ni dakika nne, na kutembea ni kumi na tano. Nimeshapiga hesabu. Meza itapotea."

"Ipotee!"

"Annette, ni nyama ya mbavu ile! Peke yake ni dola sitini na nane. Ndiyo inayofanya kifurushi kilipe!"

Greta alikuwa ameshainama kupita chini ya kamba. Hakulia wala hakununa. Alitoka kwenye foleni kama mtu mzima anayewahi kazini, nami nikaona ni heri angelala chini arushe miguu.

Mezani mhudumu alileta orodha tatu ndefu na karatasi moja ya rangi yenye picha za wanyama, na kalamu za kuchorea. Greta aliisogeza karatasi pembeni, akainamisha shingo asome orodha ya bibi yake kwa upande. Kamba wa kukaanga. Bata. Samaki wa limau. Alisoma kwa kidole.

"Greta, mlo wako ni wa hiyo karatasi," Lowell alimnong'oneza.

"Najua, Baba. Nasoma tu."

Mama aliomba supu.

"Mama, supu na nyama ni mlo uleule mmoja," Lowell akasema. "Ukila supu unawaachia dola hamsini."

"Basi niwaachie. Tumbo ni langu au ni la kifurushi?"

"Agiza nyama, tafadhali. Uonje tu."

Ikaja nyama kubwa kuliko sahani. Mama aliikata vipande viwili, akala kimoja, cha pili akakitumbukiza kwenye sahani ya Greta juu ya tambi za jibini, akimkazia macho Lowell athubutu kusema kitu. Hakuthubutu. Lakini aligeuka kuangalia kama mhudumu ameona.

Hapo ndipo nilipomwonea huruma, na hasira zikazidi. Huyu ni mtu ambaye kwa miezi minne, kila usiku, alikuwa anasoma mtandaoni wageni wakibishana kama kifurushi cha chakula kinalipa au hakilipi, wakitukanana kama ndugu waliogombea mirathi. Wengine walisema kinalipa ukila kila kitu, wengine wakasema ni mtego, utakula usichotaka mahali usipopataka. Lowell alitaka kuwaonyesha wa pili. Alitaka kurudi nyumbani aandike: tumekwenda, tumekula, kimelipa. Mvua ya saa tisa ilipotupiga tukajibanza chini ya paa la duka la kofia, alitoa simu akatutangazia kwamba vimebaki vitafunwa kumi na moja.

"Nani ana njaa?" aliuliza.

Mama alijifanya anapima kofia. Tumbo langu lilikuwa limejaa mpaka naona kichefuchefu, na miguu ilikuwa inataka kwenda, sijui wapi, mradi si kwenye meza nyingine.

Ukumbi wa ngome ulikuwa na bendera ukutani na watu wazima waliovaa kama wafalme. Tulikuwa tumeshaagiza, Lowell nyama, Greta vipande vya kuku vya watoto, wakati mama yangu alipomshika mhudumu mkono. Alikuwa mwanamke wa makamo, ana kitambulisho cha jina kifuani.

"Dada, huyu mjukuu wangu kazaliwa tarehe ya leo. Hamna hata kipande cha keki?"

"Mama!" Lowell alisema.

"Nimesema uongo?"

Mhudumu alipiga makofi. "Jamani, na mbona hatuoni beji? Unatimiza miaka mingapi, binti?"

 Lowell alikuwa ameshika uma hewani. Mimi nilikuwa na neno mdomoni, nakula kiapo nilikuwa nalo, lakini Greta alinitangulia. Alinyanyua uso akatabasamu tabasamu zuri kabisa, ambalo sikuwahi kuliona, akasema:

"Tisa."

Hakusitasita hata kidogo. Baada ya hapo akamgeukia baba yake, kama mtoto aliyesoma shairi jukwaani anavyotafuta uso wa mwalimu.

Wakaja wafalme na wahudumu sita na keki ndogo, juu yake mshumaa wa umbo la tarakimu, tisa kubwa ya waridi. Ukumbi mzima ukaimba. Watu wa meza za mbali tusiowajua walisimama wakimpongeza mtoto wangu kwa umri aliotimiza mwaka jana. Greta akafumba macho, akaweka nia, akapuliza. Keki hakuigusa.

"Njia ya mwongo fupi," Mama alisema taratibu. "Ila leo naona mmemtengenezea barabara ya lami."

Niliondoka. Sikuaga. Nilipita katikati ya meza, nikatoka nje, nikaenda karibu mbio mpaka dirisha la huduma kwa wageni kule langoni, kadi ya benki mkononi. Nilikuwa tayari kulipa dola mia tatu na zaidi, na kama wangetaka faini ningelipa faini. Nilimweleza mama wa dirishani kila kitu kwa pumzi moja. Umri, fomu, mshumaa, yote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mlifika lini?"

"Jumapili."

"Na Jumapili alikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

"Basi hakuna deni. Sisi tunahesabu umri wa siku ya kufika. Aliyeingia na tisa ana kifurushi cha tisa mpaka anaondoka, hata akizaliwa mara mbili humu ndani." Akacheka kidogo. "Mngeuliza tu. Wazazi wanauliza kila siku."

Akanisogezea beji na kalamu ya wino mzito. Nilisimama nayo pale dirishani mpaka mtu wa nyuma yangu akakohoa.

Niliwakuta nje ya ukumbi, kwenye benchi. Niliwaambia palepale nikiwa nimesimama, maneno yaleyale ya yule mama. Mama yangu alimtazama Lowell lakini kwa mara ya kwanza siku ile hakumtania. Lowell alitazama viatu vyake.

"Kwa hiyo," Greta alisema polepole, "tangu asubuhi ningeweza kuwa na kumi?"

"Ndiyo, mwanangu," nilisema.

Lowell alichukua kalamu. Akaandika GRETA, na chini yake 10, kubwa, akamnyooshea. Greta aliigeuza beji huku na huku, kisha akaitia mfukoni.

"Huvai?" Lowell aliuliza.

"Mshumaa nimeshauzima, Baba."

Kesho yake alipanda treni ya kupinduka mara nne. Vitafunwa saba vilitupotea na hakuna aliyevitaja. Nyumbani Lowell alipiga hesabu ya mwisho, maana ndivyo alivyo, akakuta kifurushi kimelipa. Tulikuwa tumeokoa dola arobaini na moja. Alifungua ule ukurasa wa wabishi ili awaandikie, akakaa mbele yake jioni nzima, akaufunga bila kuandika kitu.

Mwezi wa kumi tulimpeleka Greta sinema. Pale watoto wote chini ya miaka kumi na miwili ni bei moja, tisa au kumi haibadilishi hata senti. Muuza tiketi alimwinamia akamuuliza, kwa kupiga soga tu, ana umri gani.

 Greta alimgeukia baba yake, akamvuta mkono wa koti mpaka akainama, akamuuliza sikioni, lakini mimi nilisikia:

"Niseme ipi?"